Tusiipime kwa Rula Luti ya Julian Bream

Kumezuka miongoni mwa wajuzi wa muziki wa kale tabia ya kuzicheka picha za televisheni za miaka ya 1960 zinazomwonyesha Mwingereza Julian Bream, bingwa wa gitaa, akipiga luti. Luti ni udi wa Ulaya: tumbo la mviringo kama nusu ya tunda, shingo fupi, na kichwa kilichokunjwa nyuma. Wajuzi hao husema kwamba ala aliyoishika haikuwa luti ya kweli, na kwamba aliyeishika hakuwa mpiga luti bali mpiga gitaa aliyejivika joho la wazee. Hukumu ikishatolewa, picha hurudishwa kabatini, na mwalimu hushauriwa asiwapotezee wanafunzi wake wakati kwa kitu kilichokwisha kusahihishwa.

Sisi twaipinga hukumu hiyo. Wala hatuipingi kwa kuukana ushahidi wake, maana ushahidi huo ni wa kweli na yafaa usomwe wote.

Luti ya karne ya 16 ilikuwa nyepesi ajabu. Mbavu za tumbo lake zilichongwa nyembamba hata ukiigonga kwa kidole inanguruma. Nyuzi zake zilikuwa za utumbo wa kondoo, nyingi zikiwa zimepangwa jozi jozi. Vipingo vya shingoni, ambavyo mpigaji hukandamiza uzi nyuma yake ili kupata noti, vilikuwa nyuzi za utumbo zilizofungwa kwa fundo, naye mpigaji aliweza kuvisogeza. Nyuzi ziliguswa kwa nyama ya ncha za vidole. Sasa tuitazame luti ambayo Bream alitengenezewa na Thomas Goff, fundi aliyejulikana zaidi kwa kutengeneza ala za kibodi za kale. Ilikuwa nzito, vipingo vyake vilikuwa vya chuma na havisogei, na Bream aliipiga kwa kucha, kama alivyozoea kwenye gitaa. Mashtaka hayo yote twayakubali. Mwanafunzi atakayeiona picha ile akadhani kwamba ndivyo alivyopiga John Dowland, aliyeaga dunia mwaka 1626, atakuwa amedanganyika, na ni kazi ya mwalimu kumwambia.

Lakini mashtaka ni jambo moja na hukumu ni jambo jingine. Wajuzi wetu hupima ala kwa rula, wakaacha kuuliza ilipigwa lini, kwa nani, na ilifika wapi.

Bream alizaliwa London mwaka 1933. Alipoingia Chuo cha Kifalme cha Muziki alisomeshwa piano na selo, kwa sababu gitaa halikuhesabiwa kuwa ala ya kufundishwa pale. Kama gitaa lenyewe lilikuwa mgeni asiyealikwa, luti je? Ni kweli kwamba Arnold Dolmetsch alikwisha kuunda luti tangu mwaka 1893, na kwamba Diana Poulton na wengine wachache walikuwa wakiipiga na kuichunguza kwa bidii isiyo na malipo. Heshima yao isipunguzwe hata kidogo. Bila wao Bream asingekuwa na pa kuanzia. Lakini Chama cha Luti cha Uingereza kiliundwa mwaka 1956 tu, na wakati huo Bream alikwisha anza kuipiga luti hadharani. Fundi wa kumwundia luti nyembamba ya kihistoria alikuwa bado hajapatikana kirahisi. Alichukua kilichokuwapo. Mtu mwenye kiu hangoji kikombe cha fedha.

Na aliipeleka wapi? Aliipeleka katika kumbi za mamia ya watu, akiongozana na mwimbaji Peter Pears, halafu mwaka 1960 akaunda kundi lake la ala za enzi ya Malkia Elizabeth wa Kwanza. Kisha ikaingia katika televisheni, na hapa ndipo ninapoona wajuzi wamepitwa na jambo kubwa.

Luti ni ala ya chumbani. Sauti yake ni ndogo, na haikukusudiwa kwa zaidi ya watu wachache walioketi karibu. Katika ukumbi mkubwa hupotea kama mnong'ono sokoni, na ukweli huo ndio unaotufanya tuielewe ile luti nzito na zile kucha: mtu alikuwa akijitahidi asikike kwenye viti vya nyuma. Televisheni ikaondoa viti vya nyuma. Kipaza sauti kilisogezwa karibu na tumbo la luti, kamera ikasogezwa karibu na vidole, na muziki ukatoka katika sebule ya mfanyakazi wa kawaida, chumba ambacho ukubwa wake haukutofautiana sana na vile ambamo Dowland alisikilizwa. Ala haikuwa sahihi. Umbali ulikuwa sahihi. Wale wanaoihesabia makosa vipingo vya chuma wangetenda haki kuuhesabu umbali pia.

Tuitazame picha moja. Katika filamu juu ya mtunzi Igor Stravinsky iliyotolewa mwaka 1965 na Bodi ya Taifa ya Filamu ya Kanada, Bream anafika na luti yake na kumpigia mzee huyo, ambaye umri wake ulikwisha pita miaka 80. Hakuna jukwaa wala mavazi ya maonyesho. Bream hukunja uso apigapo, kama mtu anayebishana na ala yake, tabia ambayo wengine huiona kichekesho. Mimi naiona kuwa ni somo, kwa sababu mwanafunzi huona kwa macho yake kwamba sauti laini hutokana na kazi ngumu. Kitabu cha historia ya muziki, hata kiwe kizuri namna gani, hakiwezi kumwonyesha hilo.

Matunda yake nayo yahesabiwe. Mwaka 1963 Benjamin Britten alimtungia Bream kazi ya gitaa iitwayo "Nocturnal", iliyojengwa juu ya wimbo wa Dowland wa mwaka 1597. Wimbo mkongwe ukazaa utunzi mpya mikononi mwa mtu aliyeijua luti na gitaa pia. Vijana waliokuja baadaye wakaunda luti nyembamba na kuacha kucha; wamefanya vyema, na upigaji wao ni karibu zaidi na ule wa kale. Ila wengi walimsikia nani kwanza?

Huenda msomaji akauliza ugomvi huu wa Waingereza unatuhusu nini. Jina luti lenyewe ni neno la Kiarabu al-ud, lililoingia Ulaya pamoja na ala yake kwa njia ya Hispania na Sisilia. Ni neno lile lile tunalolitamka udi katika taarab ya Unguja. Na sisi tunayo ala iliyotangulia udi huo kupendwa pwani: gambusi, ambayo wengine waliiita kibangala, iliyochongwa kwa kipande kimoja cha mti na kuwambwa ngozi. Visiwani Komoro bado inapigwa; kwetu imekuwa adimu, na wengi wataijua kwa kuiona nyuma ya kioo cha makumbusho. Atakapotokea kijana wa sekondari akachonga gambusi yake, akatia nyuzi za nailoni kwa kuwa ndizo zinazouzwa dukani, akapiga kwa mkono uliofundishwa na gitaa, wajuzi watampokea kwa maneno gani? Naogopa nayajua. Watamwambia hiyo si gambusi. Naye ataiweka chini, na ile ya kiooni itabaki peke yake, sahihi na kimya.

Bream mwenyewe hakusimama pale pale. Mwaka 1985, katika mfululizo wa televisheni "Guitarra!" uliosimulia historia ya gitaa nchini Hispania, alipiga vihuela na magitaa ya kale kabla ya kufikia gitaa la leo. Alifariki mwaka 2020.

Basi mwalimu mwenye picha hizi azitoe kabatini. Awapigie wanafunzi kipande kimoja cha Dowland mara mbili, kwanza cha Bream, kisha cha mpigaji wa siku hizi mwenye luti ya nyuzi za utumbo, bila kutaja jina la yeyote. Awaache waandike walichosikia. Habari za vipingo na kucha aziseme katika kipindi kinachofuata.