Elimu ya Kompyuta: Herufi Moja Iliyofuta Orodha

Ndege aliyemo katikati ya bendera ya Uganda huitwa kwa Kiluganda eŋŋaali. Neno hilo lina herufi ŋ mara mbili, nayo imo katika tahajia ya Kiluganda iliyokubaliwa mwaka 1947. Kiswahili hakina herufi hiyo, huandika ng' kwa ritifaa. Kwa hiyo jeshini na polisi, ambako Kiswahili kimetumika tangu enzi za ukoloni, ni rahisi kuidharau. Lakini majina ya askari na ya jamaa zao hayatoki katika Kiswahili peke yake.

Kompyuta haijui herufi, hujua namba tu. Katika utaratibu uitwao UTF-8, ŋ huhifadhiwa kwa namba mbili. Utaratibu wa zamani wa Windows, uliotungwa kwa ajili ya lugha za Ulaya Magharibi, hauna nafasi yake kabisa. Orodha iliyoandikwa kwa utaratibu wa kwanza ikisomwa kwa wa pili, eŋŋaali hutokea eÅ‹Å‹aali. Hata ng'ombe wa Kiswahili, ritifaa yake ikiwa ya kupinda, hutoka ngâ€™ombe.

Python ni lugha huria ya kuandikia programu, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1991 na Mholanzi Guido van Rossum. Ndani yake mna sehemu inayofungua mafaili, kuyasoma, kuyaandika na kuyafunga, mfano wa karani wa masijala. Katika matoleo yaliyotangulia la 3.15, karani huyo asipoambiwa atumie utaratibu gani wa herufi, hufuata desturi ya kompyuta aliyoikuta. Hivyo programu iliyokwenda vizuri kwenye Linux ya mwanafunzi wa Makerere huweza kuharibu majina ikifika katika ofisi ya mjini yenye Windows.

Kuandika kuna hatari kuliko kusoma. Faili likifunguliwa ili liandikwe upya, yaliyomo hufutwa kabla ya neno la kwanza kuandikwa. Chukua orodha ya wajane wanaongojea malipo. Majina arobaini yanapita salama. La arobaini na moja lina ŋ. Utaratibu wa zamani hauna herufi hiyo, na programu inasimama papo hapo. Orodha ya jana imekwisha futwa, ya leo imekatika njiani. Hapakuwa na mwizi wala moto. Kompyuta imetii amri.

Marekebisho yamekuja polepole. Toleo la 2.5 la mwaka 2006 lilileta amri ya kulifunga faili hata kosa likitokea. Toleo la 3.3 la mwaka 2012 liliongeza njia ya kuliweka faili jipya mahali pa la zamani kwa hatua moja. Kuhusu herufi, Mjapani Inada Naoki alipendekeza onyo kwa mwandishi asiyetaja utaratibu, likaingizwa katika toleo la 3.10 mwaka 2021. Lilikuwa onyo la woga kidogo, maana humfikia aliyeliomba tu. Mwaka 2022 pendekezo lake jingine lilikubaliwa: kuanzia toleo la 3.15, UTF-8 iwe ndiyo desturi kila mahali.

Ukawiaji huo una sababu. Programu nyingi hutegemea tabia ile ya zamani, na kuibadilisha ghafla kungeziharibu. Kwa kuwa lugha ni huria, mabishano yote yalifanyika hadharani, na kijana wa Kampala anaweza kuyasoma na kupeleka rekebisho lake mwenyewe.

Mashine nyingi za ofisini huendelea na matoleo ya zamani kwa miaka. Mwenye mtoto anayejifunza kazi hii na amwulize mambo matatu: je, ametaja UTF-8 kila anapofungua faili? Je, huandika kwanza katika faili jipya, halafu ndipo alibadilishe na la zamani? Na katika majina yake ya majaribio, limo hata moja lenye ŋ?