Acheni Kutuambia "Izoee Tu": Gari Ndogo Ina Mengi Kuliko Mnayotuonyesha

Niko na hasira leo, na hasira yenyewe imetoka kwa kiti cha nyuma cha Honda Fit. Nivumilieni dakika tano.

Mathe anauza maua na miche kando ya Kiambu Road. Si yale maua ya kufungwa kwa karatasi ya Valentine. Yake ni ya kwenye vyungu, na mengine yana kimo cha mtoto wa darasa la kwanza. Mteja akinunua matatu, anataka apelekewe hadi mlangoni, Ruaka ama South B. Kwa miaka miwili, mteja kama huyo alimaanisha jambo moja tu: mpigie jamaa wa pikapu. 1,500 kama ni karibu, 2,500 kama ni mbali. Na gari yetu imesimama hapo hapo, imeoshwa, inang'aa, haina kazi, kwa sababu "hii kitu haiwezi kubeba mti umesimama".

Mwezi jana simu yangu ikaanguka chini ya kiti cha nyuma. Nikavuta kitako cha kiti juu, ndiyo niingize mkono. Kiti kikainuka chote. Miguu yake ikajikunja, kikashikana na mgongo wake, kikasimama wima kama viti vya sinema. Chini yake kukabaki nafasi wazi, kutoka sakafuni hadi juu ya paa. Unaingiza chungu kwa mlango wa nyuma na mmea wa zaidi ya mita moja unasimama bila kuvunjwa hata jani.

Nikamwita mathe. Akaangalia, akanyamaza, akakishusha, akakiinua tena. Halafu akauliza polepole, "Kwa hivyo hizo pesa zote za pikapu nilikuwa nalipa za nini, baba?"

Sikuwa na jibu. Hii post ndiyo jibu.

Kwanza mjue kiti kile hakikutokea kwa bahati. Gari ndogo nyingi huwekwa tangi la mafuta chini ya kiti cha nyuma. Honda walipotoa Fit ya kwanza mwaka wa 2001, walilisogeza mbele, likakaa chini ya viti vya dereva na abiria wake. Ndiyo maana chini ya kiti cha nyuma kuna nafasi tupu na kiti kinaweza kujikunja hivyo. Kuna watu walikaa ofisini wakafikiria maisha ya mtu ambaye ana gari moja tu na vitu vingi vya kubeba. Yaani walimfikiria mathe wangu kabla hata sijazaliwa.

Lakini yule aliyemuuzia hiyo gari hakumfikiria hata dakika moja.

Nilikuwepo siku hiyo kwa yadi. Sitaitaja, kwa sababu hii tabia si ya yadi moja. Jamaa alituonyesha rimu. Akatuonyesha redio. Akasema "hii mafuta inakunywa kidogo sana, mathe", akatupa bei, akaangalia saa. Mita kumi kutoka hapo, mwenzake alikuwa na mteja wa gari kubwa la juu. Huyo alipewa maji baridi na mafunzo kamili: buti inavyojifungua, viti vinavyopata joto, kamera ya huku na ya kule. Wacha niwaulize, joto la kiti ni la nini Nairobi? Lakini alionyeshwa. Sisi ambao mkopo wa chama ulikuwa umetutoa jasho, hatukuonyeshwa kitu ambacho kingetulipia mkopo wenyewe.

Na hapa ndipo nataka tugombane kidogo, mimi na nyinyi. Kwa sababu shida si yule jamaa peke yake. Shida ni dharau, na dharau hiyo ni yetu sote. Mtu akiposti Vitz yake ya kwanza, komenti zinajaa vicheko. Ati hiyo ni kiatu. Ati ukipigwa na upepo wa lori pale Mlolongo unarudi Nairobi. Demio ikiwasha taa ya kupita, mtu wa gari kubwa anachukulia kama ametukanwa. Tumecheka sana mpaka tumeamini kwamba ndani ya gari ndogo hakuna kitu cha kuuliza. Na mtu ambaye haulizi, nani atajisumbua kumwambia?

Hiyo dharau ni ghali. Wacha niwapigie hesabu ya nyumbani kwetu.

Kuna usiku remoti ilikufa bateri tukiwa kwa maegesho ya supamaketi. Gari haifunguki, haiwaki, mathe amechoka, mvua inaanza. Tukamwita fundi, akaja, akachukua 3,000. Juzi ndiyo nimejua ndani ya ile remoti kuna ufunguo wa chuma. Unasukuma kitufe kidogo pembeni, unauvuta, unafungua mlango wa dereva. Kuwasha, unakanyaga breki na kusogeza ile remoti iliyokufa hadi iguse kitufe cha kuwashia, na gari inaitambua hata bila bateri. 3,000 zilikuwa mfukoni mwangu muda wote.

Halafu ile kitu ya injini kuzima yenyewe kwenye jam. Mathe alidhani gari inakufa, akaambiwa na fundi wa mtaani "ni umeme wa Kijapani huo". Kumbe inazima ndiyo isichome mafuta bure mkiwa mmesimama, na ukiachilia breki inawaka. Kuna kitufe cha kuizima kama huitaki: kina herufi A na mshale wa duara. Lakini inataka bateri iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Tuliwekewa ya kawaida kwa sababu ni ya bei rahisi, ikachoka mapema, tukalaumu gari.

Pesa ni pesa, zinauma lakini zinarudi. Sasa nije kwa ile iliyonifanya niandike.

Tangu siku ya kwanza, gari yetu ilikuwa na taa ya rangi ya chungwa kwenye dashibodi. Ina kagari kadogo, na karibu yake maandishi ya Kijapani. Mathe aliuliza pale pale yadi. Jibu alilopewa ninalikumbuka neno kwa neno: "Hiyo ni ya Kijapani, mathe, haina shida. Izoee tu."

Akaizoea. Sote tukaizoea.

Baada ya ile siku ya kiti nilianza kutafuta kila kitu. Nikaelekeza kamera ya simu kwa yale maandishi, programu ya kutafsiri ikanisomea. Ilikuwa ni onyo kwamba mfumo wa breki za dharura haufanyi kazi. Yaani Fit yetu ni ya zile zilizowekewa jicho la leza juu ya kioo cha mbele, karibu na kile kioo cha kutazama nyuma. Ukiwa unaenda polepole, chini ya kilomita 30 kwa saa, na gari ya mbele isimame wewe ukiwa umezubaa, jicho linaona, linakupigia kelele, na usipokanyaga breki linajaribu kukanyaga lenyewe. Kilomita 30 kwa saa. Hiyo ni Thika Road saa kumi na mbili jioni. Hiyo ni maisha yetu.

Kwa nini lilikuwa halifanyi kazi? Nikatoka nje nikaangalia. Ile plastiki nyeusi ya kukinga jua, ile yadi ilitubandikia juu ya kioo kama zawadi, ilikuwa imepita moja kwa moja juu ya hilo jicho. Walilifunga macho, halafu lilipolalamika wakatuambia tulizoee.

Mwaka jana mathe aligonga gari ya mbele pale Roysambu. Mwendo wa polepole, jam ya kawaida, aligeuka sekunde moja tu. Hakuna aliyeumia, tulilipa bampa ya watu na yetu. Sisemi lile jicho lingezuia. Hakuna kifaa cha kuaminiwa kuliko mguu wako mwenyewe, na hata watengenezaji husema hivyo. Ninachosema ni kwamba lilikuwa hapo, tulikuwa tumelinunua, na siku tuliyolihitaji lilikuwa limebandikwa plastiki. Na kwenye kiti cha nyuma siku hiyo alikuwa amekaa mtoto wa sistangu, kwa kiti cha mtoto kilichofungwa na leso kisitikisike. Kati ya kitako na mgongo wa kile kiti cha nyuma kuna vyuma vya umbo la U, vimejificha, vimewekwa na kiwanda mahsusi kwa kushika kiti cha mtoto. Kiti chake kilikuwa na ndoano za kuingia hapo. Sisi tulikuwa na leso.

Nimekaa na hiyo picha wiki nzima. Haitoki.

Sasa najua mtakavyonijibu, kwa hivyo wacha niwajibu mapema.

Kuna wa "gari ni gari, mradi inakufikisha". Sawa. Lakini ulilipia gari yote, si nusu. Ukinunua nyumba ya vyumba vitatu na ufunguo wa chumba kimoja ukafichwa, hutasema "mradi ninalala".

Kuna wa "hizo vitu za umeme zikiharibika ni hasara". Inaweza kuwa kweli, na mafundi wengi bado hawajafunzwa. Lakini kiti kinachoinuka hakina umeme. Vyuma vya kiti cha mtoto havina umeme. Kamshale kadogo kwenye geji ya mafuta, kanakoonyesha kifuniko cha tangi kiko upande gani, hakaharibiki. Wangapi kati yenu bado mnatoa kichwa dirishani mkifika petroli?

Na kuna wa "ungesoma kitabu cha gari". Boss, kitabu ni cha Kijapani, kama kilikuja kabisa. Gari zetu zilitengenezewa soko la Japani. Ndiyo maana redio yake haishiki stesheni zetu nyingi: FM yao inaanzia 76 na kuishia karibu na 95, na zetu nyingi ziko juu ya hapo. Ndiyo maana kuna yule dada anayekuongelesha kila asubuhi ukiwasha gari. Kwetu alikuwa anatukumbusha kadi ya kulipia barabara za kwao haijaingizwa. Miaka miwili tunamjibu "asante dada".

Sheria yetu hairuhusu kuingiza gari iliyozidi miaka 8. Hiyo inamaanisha gari ndogo zinazoshuka Mombasa sasa hivi si zile za kuzungusha dirisha kwa mkono. Nyingi zina kamera, zina leza, zina breki zinazojifikiria. Gari zimebadilika, lakini maneno ya kuziuza yamebaki yale yale: rimu, redio, mafuta kidogo.

Kwa hivyo hiki ndicho ninachotaka, na si kikubwa.

Wenye yadi: karatasi moja. Kiswahili ama Kiingereza, mtu mmoja aandike mara moja kwa kila aina ya gari, mchapishe nakala. Taa hii ni ya nini, kitufe hiki ni cha nini, kiti kinakunjwaje, kiti cha mtoto kinafungwa wapi. Na kabla ya kubandika zawadi yenu kwa kioo, angalieni kama mnaziba kitu.

Nyinyi mnaonunua: msitoe shilingi ya mwisho kama kuna taa imewaka na jibu ni "izoee". Mwambie aitafsiri na simu yake mbele yako. Na kama umeshanunua, tafuta kitabu kwa jina la nje. Fit kule Uingereza iliuzwa kama Jazz. Vitz ni Yaris. Demio ni Mazda2. March ni Micra. Tafuta cha miaka hiyo hiyo kwa Kiingereza. Vitu vichache vitatofautiana, lakini utatoka gizani.

Na sisi wengine, tupunguze hizo jokes. Sisemi msicheke, hata mimi nilicheka ile ya upepo wa lori. Lakini mtu akinunua Vitz yake, badala ya kumwambia amenunua kiatu, muulize kama ameshajua yote iliyo ndani.

Nilitoa ile plastiki mwenyewe, kwa maji ya moto na kadi ya zamani ya benki, lisaa lizima. Mathe akawasha gari. Taa ya chungwa ikawaka kidogo kama kawaida, halafu ikazima. Tulikaa hapo tukiangalia dashibodi haina kitu, kama watu wanaoangalia sinema.

Jumamosi alipeleka vyungu vitatu South B peke yake. Jamaa wa pikapu alipiga simu kuuliza kama tuko salama.

Leo ukifika nyumbani, kabla ya kuingia ndani, inua kiti cha nyuma cha gari yenu. Bonyeza ule upande wa remoti. Elekeza simu kwa ile taa mliyoizoea. Halafu rudi hapa uniambie umepata nini.