Mganga Asiyeganga

Wapo wanaoshikilia kwamba katika michezo ya kubuni, ya kompyuta na ile ya mezani inayochezwa kwa karatasi na dadu, uwezo wa mhusika ni jambo la hesabu tu. Mpe huyu moto, mpe yule barafu, mpime mmoja kwa mwenziwe asije akazidiwa, kisha mvishe jina na vazi upendalo. Kisa ni pambo, wasema, na kikiondolewa mchezo husimama vilevile. Maneno haya yamezoeleka hata yakadhaniwa busara. Ni maneno ya mtu asiyepata kusikiliza hadithi mpaka mwisho.

Msomaji wa pwani hana haja ya kufunzwa jambo hili, kwani amelelewa na Fumo Liyongo. Shujaa yule alipofungwa hakuvunja ukuta, ingawa nguvu alikuwa nazo. Alitunga shairi, kijakazi Saada akalifikisha kwa mama, mama akaficha tupa ndani ya mkate wa wishwa, na gungu lilipochezwa nje ya gereza, mlio wa tupa ukamezwa na ngoma. Ametoka kwa vile alivyo: malenga na bingwa wa gungu. Na mauti yake ni hivyo hivyo. Silaha hazimdhuru ila sindano ya shaba ya kitovuni, siri ambayo hawezi kuipata ila aliye karibu naye kama mwana kwa baba. Lau angekufa kwa mshale wa adui, utendi alioutunga Muhamadi Kijumwa mwaka 1913 ungebaki habari ya vita. Usaliti usingepata mlango wa kuingilia.

Hata huko ilikoanzia michezo hii, uwezo ulitolewa katika visa. Dungeons & Dragons, ya Gary Gygax na Dave Arneson, ilipotoka Marekani mwaka 1974 ilimpa mchezaji kazi tatu za kuchagua: mpiganaji, mchawi na kasisi. Mchawi yule hujifunza maneno ya uganga, na akishayatumia humtoka akilini. Kanuni hiyo ilichukuliwa kwa mwandishi Jack Vance, katika kitabu chake The Dying Earth cha mwaka 1950. Lakini kwa Vance jua limezeeka na li karibu kuzimika, elimu ya kale imebaki vipande, na wachawi wanaokota masalia ya wakubwa waliowatangulia. Katika dunia inayosahau, ndipo mchawi anasahau. Mchezo uliichukua sahau ukaliacha jua. Walioiga mchezo huo hawakuuliza sahau hiyo ilitoka wapi.

Mwaka 2012 ikaja Diablo III na mhusika wake mashuhuri, ambaye jina lake la Kiingereza limemuunga mchawi na tabibu katika mtu mmoja. Hurusha vyungu vya buibui, huita mbwa waliofufuka na vyura wa sumu. Kwa haki, amepewa kabila la kubuni na nchi ya kubuni, na humo hana kosa kubwa. Kosa ni pale anapofanywa kipimo cha kila mtu wa Afrika mwenye kibuyu mkononi, na Mswahili naye akamwita “mganga” bila kusita. Mganga ni mwenye kuganga. Mchawi ndiye hasimu yake. Lugha iliyotenganisha watu hawa wawili kwa karne nyingi haina sababu ya kuwaunganisha tena kwa ajili ya buibui wa kuchorwa.

Na apelekwe Dodoma mhusika huyo, aonekane atafanya nini. Nchi ya Wagogo hupata msimu mmoja wa mvua, takriban kuanzia Desemba hadi Aprili, nayo si mvua ya kutegemewa. Njaa zake zilipewa majina. Ile ya baada ya Vita Kuu ya Kwanza iliitwa Mtunya, na wazee waliisimulia kwa jina hilo miaka mingi. Katika nchi kama hiyo hakuna atakayemtamani mtu wa kurusha moto. Mtemi wa Kigogo, kabla nyadhifa za watemi hazijafutwa mwaka 1963, hakusifika kwa majeshi. Alishika mawe ya mvua na kigoda, alisimamia nchi yenye mipaka inayojulikana, na ibada zake zilikuwa za nchi hiyo. Tena hakuwa mjuzi wa yote: mambo yakiharibika, sababu ilitafutwa kwa mpiga ramli. Peter Rigby, aliyeishi na Wagogo na kuandika habari zao katika miaka ya 1960, ameeleza pia jambo linalomshinda kila mhesabu wa nguvu. Nchi ikiingiwa na nuksi, wanawake ndio waliovaa mavazi ya wanaume, wakashika silaha na kazi za wanaume, wakacheza ngoma mpaka mpakani ili kuitupa nuksi nje. Mpangilio wa mambo umepinduka, nao wanaupindua tena ili urudi. Hapo dawa imefanana na ugonjwa.

Kaskazini yake, upande wa Kondoa na Chemba, Wasandawe wana ngoma ya simbo, ambamo mchezaji huingia hali ya simba ili apambane na uchawi. Katika michezo ya kigeni kugeuka mnyama ni kitufe cha kubonyeza: dubu asubuhi, tai adhuhuri. Msandawe hawi simba kwa ajili ya kuvuka mto. Anakuwa simba kwa sababu yuko adui ambaye binadamu wa kawaida hamwoni, na hafiki huko bila ngoma na watu wa kumzunguka. Huwa simba kwa ajili yao.

Watajibu kwamba mchezo wa namna hii utachosha, kwamba mtoto anataka kushinda, hataki kungoja mawingu. Jibu hilo linawadharau watoto, ambao husikiliza ngano ndefu usiku kucha alimradi sungura abaki sungura. Tena limekwisha kanushwa: Kiro'o Games ya Kamerun ilitoa Aurion mwaka 2016, na humo nguvu za mwana wa mfalme aliyepinduliwa zatoka kwa mababu, yaani palepale penye haki ya kiti anachokidai. Kupigana kwake na kudai kwake ni jambo moja.

Basi anayetaka kumweka mtemi mchezoni na amweke kwa masharti yake. Mawe yasifae nje ya mpaka. Mvua ikikawia, mchezaji asiongezewe nguvu. Afunge safari ya miguu kwenda kwa mpiga ramli, akaambiwe ni nani katika nchi yake aliyekosa, naye huenda akawa yeye mwenyewe.