Jicho Bila Daftari

Miongoni mwa neema ambazo utaalamu wa zama zetu umemletea binadamu, ni chache zinazofurahisha upesi kama upasuaji wa macho kwa mwanga wa leza. Mtu aliyezoea kupapasa miwani yake kila alfajiri kabla hajaweza kusoma saa ya ukutani huingia chumba cha upasuaji, hukaa humo muda mfupi, na kesho yake aghalabu husoma vibao vya barabarani kwa macho matupu. Si ajabu, basi, kwamba wapo wananchi wa visiwa vyetu wenye uwezo wanaovuka bahari kwenda Dar es Salaam, Nairobi na miji ya India kuitafuta tiba hiyo, na kwamba kila arejeaye huwatia wenziwe hamu ya kumfuata.

Hatuna ugomvi na furaha hiyo, wala hatukusudii kumtisha mtu. Tunalotaka kulipima leo ni maisha ya baada ya siku ile ya furaha. Jicho lililopitiwa na leza halikurudishwa lilivyoumbwa. Limepewa umbo jingine, na umbo hilo lina masharti yake ambayo mwenyewe ataishi nayo hadi uzeeni. Masharti hayo yanamhusu yeye kwanza, lakini yanaihusu Serikali vilevile, kwa sababu upasuaji unaweza kufanyika ng'ambo kwa fedha ya mtu binafsi, ila jicho lenyewe hurudi nyumbani, na siku litakapougua litapelekwa katika hospitali ya umma.

Ili hoja ieleweke, yafaa kwanza kueleza kinachotendeka. Sehemu ya mbele ya jicho, ile ngozi angavu kama kioo ambayo madaktari huiita konea, ina unene wa takriban nusu milimita tu, nayo ndiyo inayopinda sehemu kubwa ya mwanga uingiao jichoni. Kwa mtu asiyeona mbali, mwanga hukutana kabla haujafika kwenye retina iliyo nyuma ya jicho. Katika upasuaji uitwao lasiki, daktari hukata kifuniko chembamba juu ya konea, hukifunua mithili ya ukurasa wa kitabu, na leza hupunguza tabaka la chini kwa kipimo kilichokwisha kuhesabiwa. Kisha kifuniko hurudishwa mahali pake bila ya kushonwa. Iko pia njia nyingine isiyokata kifuniko, ambayo maumivu yake ya siku za mwanzo ni makubwa zaidi, lakini humfaa mtu ambaye kazi au michezo yake inaweza kumletea pigo la jicho.

Katika maelezo hayo mna mambo matatu ambayo hayana budi kukumbukwa. La kwanza, kilichopunguzwa hakioti tena. Hakuna upasuaji wa kukirejesha. La pili, kifuniko hushikamana, lakini nguvu ya asili ya konea hairudi yote. La tatu, mishipa midogo ya fahamu ambayo hulijulisha jicho kwamba limekauka na linahitaji machozi hukatwa pamoja na kifuniko hicho. Mishipa hiyo huchipua tena polepole, kwa muda wa miezi, na kwa baadhi ya watu hairudi kuwa kama ilivyokuwa.

Tiba hii haikuzuka kwa siku moja. José Ignacio Barraquer, daktari wa Bogotá nchini Kolombia, alieleza tangu mwaka 1949 fikira ya kuichonga konea ili kurekebisha uoni. Mwaka 1981 wataalamu watatu wa kampuni ya IBM nchini Marekani, mmoja wao Rangaswamy Srinivasan, mzaliwa wa India, waliijaribu leza ya namna ya pekee juu ya mabaki ya bata mzinga aliyeliwa karamuni, wakagundua kwamba inachonga bila ya kuunguza kandokando. Miaka miwili baadaye Srinivasan na daktari Stephen Trokel walionyesha kwamba leza hiyo inafaa kwa konea. Na ilikuwa kisiwani, huko Krete nchini Ugiriki, ambako daktari Ioannis Pallikaris aliunganisha kifuniko na leza mwishoni mwa miaka ya 1980. Marekani iliruhusu leza ya aina hiyo kurekebisha uoni mwaka 1995. Kwa hiyo wale waliotangulia kufanyiwa upasuaji huu wakiwa vijana sasa ni wazee, na madhara yake si jambo la kubahatisha tena.

Huko huko Marekani ndiko malalamiko yalikopata kusikilizwa hadharani. Mwezi Aprili 2008 idara ya nchi hiyo inayosimamia vyakula na dawa iliitisha kikao cha wazi, na wagonjwa wakasimama kueleza namna walivyobaki na macho makavu, maumivu na uoni wa usiku uliovurugika. Mwaka 2011 Morris Waxler, ambaye alikuwa mtumishi wa idara hiyo wakati leza za mwanzo zilipopewa idhini, aliiomba idara ifute idhini hizo. Ombi lake halikukubaliwa. Hata hivyo idara, ikishirikiana na taasisi ya taifa ya macho na wizara ya ulinzi, ilikuwa imekwisha kuanza uchunguzi wa watu wenyewe: wanajeshi wa majini 262 na raia 312, walioulizwa kabla na baada ya upasuaji.

Matokeo yalipochapishwa mwaka 2017 hayakuipa ushindi mtupu pande yoyote. Kwa upande mmoja, wasioridhika na upasuaji walikuwa mmoja au wawili tu katika kila 100, na waliopata taabu kubwa katika shughuli zao za kawaida kwa sababu ya dalili za uoni hawakufika mmoja katika 100. Kwa upande wa pili, miongoni mwa wale ambao hapo kabla hawakuwa na dalili yoyote ya uoni, 43 katika kila 100 wa kundi la kwanza na 46 wa kundi la pili walisema baada ya miezi mitatu kwamba wamepata angalau dalili moja mpya: duara za mwanga kuzunguka taa, miale kama ya nyota, mng'ao unaoumiza au kitu kimoja kuonekana viwili. Na katika wale ambao macho yao hayakuwa makavu, 28 katika kila 100 walianza kuona ukavu.

Anayetangaza biashara atakamata hesabu ya kwanza, na mwenye kinyongo atakamata ya pili. Ukweli umo katika zote mbili. Mtu anaweza kuridhika na akawa na dalili. Anaweza kushukuru kwa kuiacha miwani, na papo hapo akaogopa kuendesha gari usiku. Swali la haki, basi, ni hili: je, dalili hizo zitamkuta nani, na katika kazi gani?

Hapa ndipo mazingira ya visiwani yanapokuwa na neno. Karani wa ofisini atakayeona duara kuzunguka taa ya barabarani atazoea. Lakini mvuvi wa dagaa hufanya kazi katika siku za giza la mwezi, huku taa kali zikimulika maji na kila kitu nje ya taa hizo ni weusi mtupu. Nahodha huingia bandarini usiku kwa kufuata taa, na dereva wa gari ya abiria hukabiliana na taa za wenziwe katika barabara nyembamba. Kwa watu hawa duara za mwanga si kero ndogo. Ni suala la usalama wao na wa waliowachukua. Mkulima wa mwani naye hushinda katika mng'ao wa jua na maji ya chumvi, na jicho kavu humlemea zaidi upepo wa kaskazi uvumapo. Wapiga mbizi nao hawana budi kujua kwamba maji ya bahari hukatazwa kwa wiki kadhaa baada ya upasuaji. Mwenye kuishi kwa kupiga mbizi akiambiwa hilo siku anayorudi, ameambiwa kwa kuchelewa.

Uchunguzi ule ulifichua jambo jingine ambalo linatuhusu sana: watu waliandika dalili zao katika fomu za maswali zaidi ya mara mbili kuliko walivyomweleza daktari kwa mdomo. Ikiwa hivyo ndivyo kwa Wamarekani, itakuwaje kwetu, ambako mgonjwa huona haya kumlalamikia mtu aliyemtibu, na ambako aliyechangiwa fedha na jamaa zake huona kwamba akisema jicho linamuuma atakuwa amekosa shukrani? Wahenga walisema mficha maradhi mauti humuumbua. Daktari asingoje kuambiwa. Aulize, tena aulize kwa jina la kila dalili.

Lakini jambo zito kuliko yote huja baada ya miaka mingi, wakati mwenyewe amekwisha kusahau kwamba alipasuliwa. Atakapokaribia miaka 40 na kuendelea, atahitaji miwani ya kusomea kama watu wengine, kwani kasoro hiyo hutokana na lenzi iliyo ndani ya jicho, nayo haikuguswa na leza. Hilo ni dogo. Kubwa ni presha ya jicho, ugonjwa uitwao glaukoma, ambao huua uoni kimya kimya bila maumivu na ambao huwapata watu wa asili ya Afrika kwa wingi zaidi na mapema zaidi kuliko watu wengine. Vipimo vya kawaida hupima presha kwa kuibonyeza konea. Konea iliyopunguzwa hubonyea kwa urahisi, na kipimo husoma chini kuliko ukweli. Mhudumu asiyejua habari za upasuaji ataandika kwamba mgonjwa ni mzima, naye atarudi nyumbani akiwa anapofuka.

Kadhalika mtoto wa jicho. Siku ya kumwondoa, daktari huweka lenzi ya bandia ambayo nguvu zake hukadiriwa kwa umbo la konea na urefu wa jicho. Kwa jicho lililochongwa, hesabu za kawaida hukosea, na mgonjwa huweza kutoka na uoni usiolingana na alioahidiwa. Ziko hesabu mpya zinazopunguza kosa hilo, lakini ni lazima kwanza daktari ajue kwamba konea imeguswa, na vipimo vya kabla ya leza humsaidia. Vipimo hivyo viko wapi? Aghalabu viko katika kabati au kompyuta ya hospitali iliyo ng'ambo ya bahari, ambayo huenda siku hiyo imekwisha kufungwa. Waswahili husema mali bila daftari hupotea bila habari. Macho ni mali kuliko zote.

Yapo maoni kwamba Serikali yenye watoto wa shule wasiokuwa na miwani haina sababu ya kujishughulisha na watu walioweza kulipia starehe ya kuiacha. Hoja hiyo ina uzito, nasi tunakubali kwamba miwani kwa mtoto itangulie leza kwa mtu mzima. Lakini tunayoyataka hayadai mashine wala majengo. Yanadai karatasi, kalamu na amri.

Kwanza, tunaishauri Wizara ya Afya itengeneze kadi ya jicho lililopasuliwa kwa leza. Kadi hiyo ionyeshe tarehe, aina ya upasuaji, namba ya miwani ya awali, unene na umbo la konea kabla na baada, na presha iliyopimwa kabla ya konea kuguswa. Nakala moja iwe ya mgonjwa na nyingine ibaki hospitalini kwake. Pili, kila anayepimwa macho katika vituo vyetu aulizwe kama amewahi kufanyiwa upasuaji huo, kama aulizwavyo juu ya kisukari. Tatu, yeyote anayetangaza tiba hii katika visiwa vyetu, kwa gazeti, redio au simu, atakiwe kutaja madhara kwa lugha ile ile anayotajia faida. Marekani nayo ilitoa rasimu ya mwongozo wa namna hiyo mwezi Julai 2022, na baadhi ya vyama vya madaktari wa macho vikaipinga kwa kusema imeelemea mno upande wa madhara. Mabishano hayo ni yao. Sisi inatutosha kwamba mgonjwa asielemewe na upande wa faida peke yake. Nne, dawa za matone zenye steroidi, ambazo hutumika baada ya upasuaji, zisitumiwe kwa mazoea pasipo daktari, kwani zikiendelezwa zaweza kupandisha presha ya jicho.

Kwa mwananchi anayefikiria safari hiyo tuna maneno machache. Asiende kabla ya miaka 18, wala wakati namba ya miwani yake ingali inabadilika. Mwanamke mjamzito au anayenyonyesha angoje. Mwenye mazoea ya kufikicha macho kwa mwasho, mwenye macho makavu, na mwenye konea nyembamba au inayochongoka apimwe kwa makini mno, na akiambiwa kwamba haimfai asitafute daktari wa pili atakayemwambia inamfaa. Amweleze daktari kazi yake, na hasa kama ni ya usiku au ya baharini. Na kabla ya kupanda chombo kurudi, adai vipimo vyake vyote mkononi, kama anavyodai stakabadhi ya fedha aliyolipa.

Leza haina lawama, kwani imewafaa wengi na itaendelea kuwafaa. Lawama itatupata sisi ikiwa baada ya miaka 20 wazee wetu watafika hospitalini na macho ambayo hakuna ajuaye historia yake. Kadi ni karatasi ndogo, na wakati wa kuiandika ni sasa, ambapo wenye macho hayo wangali wanakumbuka.