Kamio inatoka Goma na kilo ngapi? Hakuna anayejua

Kamio yenye remorke ikitoka Mombasa kuja huku kwetu, inapimwa njiani. Pale Mariakani inapanda kwenye mizani, na uzito wa kila ekseli unasomwa. Lakini mizigo ikisha fika Goma, inashushwa ku depo, kisha inapakiwa tena ku Fuso za kwenda Sake, Masisi ao Rutshuru. Hapo mizani imeisha. Wapakizi wanahesabu mifuko, dereva anaangalia namna springi zimeinama, na safari inaanza.

Shida ni kwamba mufuko si kipimo. Ule wanaouita wa kilo 100, mwenye mali akiujaza mpaka juu na kuufunga na kamba, unaweza kufika 120. Mifuko 100 ya namna hiyo, kwenye karatasi ni tani 10, kumbe ni tani 12. Weka juu yake abiria 20 na mabidoni yao, tani nyingine imepita. Mazutu ya lita 400 ni kilo 340 hivi. Na makala yakinyeshewa usiku, asubuhi si mzigo ule wa jana.

Mwenye tshukudu hadanganyiki hivyo, maana uzito anausikia mabegani na miguuni. Dereva wa kamio, injini inamficha. Ku mupando gari inaenda polepole tu, na anafikiri mambo ni sawa. Ukweli unatokea ku mushuko, kama ule wa Kabasha chini ya Kanyabayonga: freni zinapata moto, zinalegea, na kama kuna remorke nyuma, inaanza kusukuma gari inayoivuta. Wale waliokaa juu ya mifuko ndio wa kwanza kurushwa.

Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Sheria ya Jumuiya inaweka mwisho wa tani 56 kwa gari yote na mizigo yake, na tani 10 kwa ekseli moja yenye tairi nne. Lakini ku vizuizi vya barabara zetu, gari inahesabiwa kwa pesa, si kwa kilo. Tena mwenye gari analipwa kwa mufuko: kila mufuko unaobaki chini ni pesa inayobaki chini. Dereva anayekataa kupakia anaweza kupoteza kazi.

Ziwani tuliona mwisho wa hesabu hiyo. Tarehe 3 Oktoba 2024, mashua MV Merdi iliyotoka Minova ilizama karibu na Kituku, watu wa Goma wakiwa ku ufuko wanaitazama. Gavana wa Kivu Kusini alisema ilibeba watu 278, wakati uwezo wake ulikuwa 80. Vita vilikuwa vimekata barabara ya Minova, kwa hiyo wote walijaa majini. Hesabu ilifanywa baada ya kifo.

Kupima hakuombi mashine kubwa. Mizani ya depo inatosha: pima mifuko kumi ya pale pale, tafuta kilo za mmoja, zidisha kwa mifuko yote, ongeza watu na mazutu. Kisha fungua karatasi za gari, usome inaruhusiwa kubeba kilo ngapi. Nusu saa inatosha, kabla ya kufunga bâche.