Chupa ya mbegu ya uyoga iandikwe jina na tarehe

MKULIMA wa uyoga wa Kasese anaweza kuchemsha maganda ya pamba vizuri, akafunga mifuko kwa usafi na kujenga kibanda chenye kivuli, kisha akapata hasara tupu. Kosa likitafutwa, mara nyingi linaanzia mahali pasipotazamwa: chupa ya mbegu aliyoinunua bila kujua ilitengenezwa lini, wapi na kwa uyoga wa aina gani.

Suala hili lilikuwa dogo wakati uyoga ulikuwa kitoweo tu. Sasa uyoga wa tiba umeanza kutajwa: reishi, shiitake na ule wenye manyoya meupe uitwao Hericium. Unauzwa ukiwa mkavu au unga, hauozi njiani, na unaweza kusafiri mbali kuliko uyoga mbichi. Kwa mji kama Bwera, ambao soko lake limekaa mlangoni mwa Kongo, hiyo ni fursa ya kweli. Wakonzo wa upande huu na Wanande wa upande wa pili wanaelewana kwa lugha, bidhaa huvuka Mpondwe kwenda Kasindi, Beni na Butembo, na tangu mwaka 2022 Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki.

Mali ya kuoteshea nayo haiko mbali. Tambarare za Kasese zimelima pamba kwa miaka mingi, na milimani kuna kahawa, hivyo maganda yanapatikana. Hali ya hewa inatoa nafasi ya kuchagua: reishi hupenda joto la chini tambarare, shiitake hutaka ubaridi wa miinuko ya Rwenzori. Kinachokosekana ni mbegu inayoaminika.

Inafaa ieleweke kwamba mbegu ya uyoga si mbegu kama ya mahindi. Ni punje za mtama au ngano zilizochemshwa, zikasafishwa kwa mvuke, kisha zikavamiwa na utando mweupe wa uyoga wenyewe. Utando huo huanzia maabara katika kisahani kidogo, huhamishiwa katika chupa mama, na kutoka hapo katika chupa za kuuza. Kila unapohamishwa uchafu unaweza kuingia, na ukihamishwa mara nyingi mno nguvu yake hupungua. Kilo 1 ya mbegu huchanganywa na takribani kilo 20 za maganda yaliyoloweshwa. Ikiwa mbovu, huharibu kuni, maji, mifuko na jasho la wiki nzima.

Kwa uyoga wa kawaida wa mamama, hasara hiyo hujulikana mapema. Baada ya wiki tatu au nne mkulima huona kama mfuko umekuwa mweupe au umeshikwa na ukungu wa kijani. Reishi haimpi nafasi hiyo. Huchukua miezi kadhaa kabla ya kuvunwa. Tena, ndani ya chupa karibu kila utando ni mweupe. Macho ya mnunuzi hayawezi kutofautisha kwa uhakika mbegu ya reishi na mbegu ya uyoga wa bei ya chini. Aliyeuziwa siyo atagundua baada ya msimu kupita, na kama mtaji ulikuwa mkopo wa SACCO au shilingi milioni 1 za mpango wa PDM, deni litabaki mlangoni.

Safari ya mbegu yenyewe huongeza hatari. Kwa muda mrefu wakulima wa Uganda wameelekezwa Kawanda, karibu na Kampala, zilipo maabara za taifa za utafiti wa kilimo. Huko Kabale kuna kituo cha mafunzo ya uyoga. Lakini kutoka Kampala hadi Kasese ni zaidi ya kilomita 300, na Bwera iko mbele zaidi. Chupa iliyotoka maabara ikiwa nzima hukaa saa nyingi kwenye buti ya basi, kisha dukani mjini Kasese ambako jua la mchana halina huruma. Joto likipita nyuzi 35, utando wa aina nyingi huanza kudhoofika. Mbegu ambayo ingedumu wiki nyingi kwenye ubaridi huchakaa upesi juani. Mwenye duka huenda hakukusudia kumdanganya mtu. Anauza kitu ambacho hata yeye hajui umri wake.

Ndiyo maana mnunuzi ana haki ya kuuliza kabla ya kutoa pesa. Chupa ilijazwa tarehe gani? Ni uyoga gani, kwa jina lake kamili? Chupa mama ilitoka maabara ipi? Imehifadhiwa wapi tangu ifike? Baada ya majibu, aitazame. Utando uwe umeenea mpaka chini, usiwe na doa la kijani, jeusi au la rangi ya machungwa, wala maji ya manjano yaliyotuama. Harufu iwe ya uyoga mbichi. Ikiwa chachu, airudishe. Hata ikipita mitihani hiyo, achukue kidogo kwanza, ajaribu katika mifuko michache na kungoja ndipo aagize nyingi. Na akitokea mtu anayetembeza mbegu ya uyoga ule mtamu wa kwenye vichuguu, amwepuke. Uyoga huo huishi kwa kushirikiana na mchwa, na haulimwi kwa mbegu ya chupa. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Lakini si haki kumwachia mkulima mzigo wote. Kituo chochote kinachotengeneza mbegu, kiwe cha serikali au cha mtu binafsi, kinapaswa kuandika juu ya kila chupa mambo manne: jina la uyoga, tarehe ya kujaza, jina la mtengenezaji na joto la kuhifadhia. Maandishi hayo yawe katika lugha inayosomwa pande zote mbili za mpaka, na hapo Kiswahili kina kazi ya kufanya. Chupa iliyotoka Kawanda, au iliyotoka Chuo Kikuu cha JKUAT kule Juja nchini Kenya, isomeke vilevile Bwera na Butembo.

Wapo watakaosema masharti yataua watengenezaji wadogo na kupandisha bei. Hofu hiyo ina msingi pale sharti linapokuwa leseni ya gharama na safari za kwenda Kampala kugonga mihuri. Kuandika tarehe kwa kalamu hakugharimu hivyo. Mtengenezaji mdogo mwaminifu ndiye atakayefaidika zaidi, kwa kuwa leo chupa yake nzuri inapangwa rafu moja na chupa mbovu na hakuna anayeweza kuzitofautisha.

Hatua ya pili ni kuisogeza mbegu karibu. Wilaya ya Kasese na vyama vyake vya ushirika, ambavyo vimekwisha kuonyesha kwamba vinaweza kuuza kahawa nje, vinaweza kuanzisha chumba kidogo cha kuzalisha mbegu mahali penye ubaridi milimani, kikipokea chupa mama kutoka maabara ya taifa. Vijana wachache waliofunzwa usafi wa maabara wangetosha kuanza, na mbegu ingemfikia mkulima wa Bwera siku ileile.

Anayenunua unga wa reishi hununua kwa ajili ya afya yake. Akipewa uyoga mwingine kwa jina hilo ametapeliwa, hata kama aliyemuuzia naye alitapeliwa. Soko la namna hiyo likikosa imani mara moja, wakulima wa pande zote mbili za Mpondwe ndio watakaolipa. Ni nafuu kuanza na kalamu na kipande cha karatasi kwenye chupa, kabla mifuko haijajazwa.