Usiku wa tuzo mtaani: Anayefua jezi naye apande jukwaani

Disemba imefika na ligi za mtaani zinafunga hesabu. Kwenye makundi ya WhatsApp ya timu, stori ni moja tu: usiku wa tuzo ni lini, kiingilio ni pesa ngapi, na nani anabeba Mchezaji Bora mwaka huu. Kuna wale wameshaanza kujipigia debe. Kuna straika ambaye ameshaambia watu wamwekee kiti cha mbele.

Si vibaya. Kama unacheza soka, basketiboli, voliboli, raga au netiboli ya ridhaa, iwe Nairobi, Mombasa, Kisumu au Nakuru, unaijua hiyo sherehe. Ukumbi umekodishwa, viti vya plastiki vimepangwa, spika ni kubwa kuliko ukumbi wenyewe, na emsii anajua jina la utani la kila mchezaji. Watu waliozoea kuonana wakiwa na soksi za vumbi wanaonana wakiwa wamepiga pasi. Mwaka mzima mmecheza bila mshahara. Usiku huo ndio siku yenu ya malipo.

Ndiyo maana tunawaambia: angalieni vizuri mnamlipa nani.

Hebu kumbuka orodha ya mwaka jana. Mfungaji bora, mchezaji bora, kipa bora, chipukizi bora, kocha bora. Kisha cheti cha shukrani kwa mheshimiwa, na kingine kwa mfadhili aliyeleta mipira miwili. Sasa tafuta kwenye orodha hiyo yule jamaa anayebeba begi la jezi kila Jumapili jioni, akazifua kwa maji ya kununua kwa mtungi, akazianika na kuzihesabu moja moja ili namba 7 isipotee. Tafuta yule dada anayeandika kwenye daftari nani ametoa mchango wa refa na nani bado anazungusha watu. Tafuta anayeamka mapema kuchora mistari ya chokaa kabla watoto hawajajaa uwanjani. Tafuta refa aliyetukanwa dakika 90 nzima, akarudi wiki iliyofuata na kipenga chake shingoni.

Hawamo. Na hawamo si kwa sababu watu wana roho mbaya. Bao linaonekana, watu wanapiga mayowe, kesho yake stori imefika hadi kwa kinyozi. Jezi safi hakuna anayeigundua mpaka siku atakapopewa ikiwa chafu.

Hapa ndipo shida ilipo, na ni kubwa kuliko kikombe. Timu za mtaani hazifi kwa kukosa mastraika. Mastraika wamejaa kila kona, na nusu yao wanaamini wangekuwa Ulaya kama si goti. Timu hufa siku yule mtu mmoja wa begi na daftari anapopata kazi mbali, anapohama kwa sababu ya kodi, au anapochoka tu. Ghafla hakuna mwenye namba ya refa. Hakuna anayejua mechi ijayo ni saa ngapi. Jezi ziko kwa nani? Kila mtu anadhani ziko kwa mwingine. Baada ya wiki tatu, wachezaji wawili wamehamia timu ya mtaa jirani na wengine wanashinda kwenye base tangu asubuhi. Wewe unajua kijana wa miaka 17 asiye na mahali pa kuwa Jumapili alasiri hufuatwa na watu gani, na huambiwa nini.

Kwa hivyo swali la nani anapanda jukwaani si la urembo. Mtu huendelea na kazi ambayo watu wanaiona. Kazi isiyoonwa na yeyote, hata mwenye moyo mkubwa ataiacha siku moja.

Ukitaka kujua nchi inathamini nini, angalia pesa zinakwenda wapi. Agosti 2025, Harambee Stars walipokuwa wakicheza CHAN pale Kasarani, kila mchezaji aliahidiwa Sh1 milioni kwa kila ushindi. Waliwabwaga Morocco 1-0. Walistahili. Kitaifa pia tuna tuzo za SOYA, alizozianzisha Paul Tergat mwaka wa 2004, na kila mwaka wanamichezo wetu wakubwa hupata kuvaa suti na kupigiwa makofi. Huko juu kuna watu wa kukumbuka. Huku chini, msipokumbukana wenyewe, hakuna atakayekuja kuwakumbusha.

Na huku chini ndiko kila kitu huanzia. McDonald Mariga na ndugu yake Victor Wanyama walilelewa Muthurwa. Mwaka wa 2010 Mariga alikuwa mchezaji wa Inter Milan ilipotwaa Ligi ya Mabingwa Ulaya. Mwaka wa 2012 Wanyama aliifungia Celtic dhidi ya Barcelona. Pale Ziwani, dimba la Koth Biro, jina la Kiluo lenye maana kwamba mvua inakuja, limekuwa likivuta umati mwisho wa mwaka kwa miongo kadhaa, na wachezaji wa Ligi Kuu huenda huko kutafuta heshima ya mtaa. Mashabiki wanayajua majina ya waliofunga. Lakini dimba halijiandai lenyewe. Kila mwaka kuna watu wanaopanga ratiba, wanaotafuta marefa, na wanaobaki nyuma kukusanya chupa watu wakishaenda nyumbani.

Mtu atasema kwamba hii ni ndoto tu, na kwamba kazi ya namna hiyo haiwezi kupimwa. Inaweza, na imeshapimwa hapa hapa Nairobi. Chama cha Mathare Youth Sports Association, MYSA, kilichoanza mwaka wa 1987, kilipata umaarufu kwa jambo moja: timu ilipata pointi kwa kushinda mechi, na pia kwa kwenda kusafisha mtaa. Hukujitokeza kuzoa taka, msimamo wa ligi ulikuonyesha. Vijana waliojitolea, wakafundisha wadogo na kuongoza wenzao, waliwekewa pointi pia, na waliofanya vyema walipata tuzo ya uongozi iliyolipwa shuleni kama karo. Hiyo ndiyo tuzo ya maana. Huiweki juu ya televisheni ipate vumbi, unakaa nayo darasani. Na msidhani mambo hayo yaliwafanya wasahau mpira. Mathare United, timu iliyozaliwa humo humo, ilitwaa ubingwa wa Ligi Kuu mwaka wa 2008.

Kwa hivyo hesabu inawezekana. Weka daftari. Nani amekuja mazoezini mara ngapi? Refa gani amechezesha mechi nyingi, na ni ngapi kati ya hizo ziliisha bila vurugu? Nani amefua jezi wiki ngapi? Ikifika Disemba hamhitaji kubahatisha wala kupendelea. Mnafungua daftari, mnasoma.

La pili ni nani anapiga kura. Mitaani tunajua jinsi mambo huenda: wakubwa watatu wanakaa chini ya mti, wanakubaliana, na ikifika jioni mpwa wa mwenyekiti ndiye chipukizi bora. Uingereza, chama cha wachezaji wa kulipwa hutoa tuzo ambayo wachezaji wenyewe ndio hupiga kura, na huruhusiwi kumpigia mwenzako wa timu moja. Tuzo hiyo ilianza msimu wa 1973-74, na mshindi wa kwanza kabisa hakuwa straika. Alikuwa Norman Hunter wa Leeds, beki ambaye washambuliaji hawakupenda kukutana naye. Waliocheza dhidi yake ndio walijua uzito wake. Si lazima muwe na pesa za Uingereza kufanya hivyo. Kila nahodha apewe karatasi, aandike jina la mtu wa timu nyingine, aikunje, aitie kwenye kofia. Zihesabiwe mbele ya watu.

La tatu ni akina dada. Timu za wasichana zinacheza msimu ule ule, kwenye vumbi lile lile, halafu tuzo zao zinawekwa mwisho wa programu, wakati watu wameanza kutafuta matatu za mwisho na emsii anasoma majina haraka haraka. Zipangeni katikati. Hilo halihitaji hata shilingi.

La nne ndilo gumu. Mwaka wa 2027 ni wa uchaguzi, na wanasiasa wanajua kwamba ukumbi wenye vijana 300 ni ukumbi wenye kura 300. Watakuja na jezi zenye sura zao. Watakuja wamechelewa, na kila kitu kitasimama mpaka wamalize. Mchezaji aliyestahili dakika mbili za kumshukuru mamake atapewa sekunde tano za kupigwa picha akishikana mkono na mheshimiwa. Hatusemi mkatae pesa. Ukumbi una gharama na vikombe havishuki kutoka mbinguni. Lakini wekeni masharti kabla, si siku yenyewe: mgeni anazungumza dakika tano, pesa zake zinatangazwa na kuandikwa, na hapangi nani ashinde. Akikataa masharti hayo, basi hakuja kwa ajili ya mchezo. Afadhali soda na mandazi ya mchango wenu kuliko pilau ya kununuliwa nayo.

Na kwa kuwa usiku huo kila mtu yuko ndani ya chumba kimoja, mweka hazina asome hesabu kabla ya muziki kuanza. Kiasi gani kiliingia, kiasi gani kilitoka, kimebaki nini. Dakika kumi tu. Timu nyingi zimevunjika kwa fununu za Sh2,000 ambazo zingekwisha kwa kusoma risiti mbili.

Najua kuna atakayeuliza: sasa kila mtu akipewa tuzo, si zitakosa maana? Zitakosa, ni kweli. Ndiyo maana hatusemi muongeze ishirini. Punguzeni. Sherehe yenye tuzo nane, mbili zikiwa za watu wasiogusa mpira, ni bora kuliko ile ya vyeti 40 ambayo hata mwanakamati mwenyewe ametoka nacho. Mfungaji bora abaki, mabao yake yamehesabiwa na hakuna anayebisha. Lakini kando yake asimame mtu aliyefanya mabao hayo yawezekane, na jina lake lisomwe kwa sauti ile ile.

Isomwe pia sababu. Usiseme tu "tunamshukuru kwa kujitolea". Sema alifua jezi wiki 31 kati ya 34. Sema alilipa nauli yake mwenyewe kutoka Githurai hadi Eastlands kuja kuchezesha mechi za watoto. Andika hivyo kwenye cheti, pamoja na tarehe na sahihi. Kijana anayetafuta kibarua, au nafasi ya chuo, ana faida zaidi na karatasi inayosema alitunza vifaa vya watu 22 msimu mzima bila kupoteza kimoja kuliko iliyoandikwa maneno matamu tu. Kwa watu wengi wa michezo ya ridhaa, hiyo ndiyo rekodi pekee watakayowahi kuwa nayo.

Kama uko kwenye kamati, bado mna siku chache. Kama wewe ni mchezaji tu, unaweza kuanza leo. Ingia kwenye kundi la timu yenu na uulize swali moja: ni nani ambaye asipokuja Jumapili, mechi haichezwi? Majina yatakuja haraka, na usishangae kama hakuna straika hata mmoja kati yao. Yapelekeeni kamati kabla ya vikombe kuchongwa majina.